Kabla hujaskimu hedi, ijue petroli yako

Mtu anakuja na hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, mkononi, imeshaskimiwa (imekwanguliwa uso wake ili kompresheni ipande) milimita moja, ndipo anauliza atie mafuta gani. Swali hilo lilitakiwa liulizwe kabla hedi haijapanda kwenye mashine. Visiwani kwetu mafuta ya mbio hayapangwi dukani ukachagua. Petroli inakuja kwa meli, bei inatangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma ya Zanzibar, pampu imeandikwa "petroli" basi, na aliyeko Wete anatia kile kile anachotia aliyeko Mwanakwerekwe, au chengine kilichokaa ndani ya chupa juani. Kwa hiyo mafuta ndiyo yanayotangulia, na uwiano wa kompresheni, yaani kiasi pistoni inavyoubana mchanganyiko wa hewa na petroli, unafuata. Ukigeuza, unabaki na injini nzuri isiyo na chakula.

Mfano wote humu ni injini moja inayojulikana na kila fundi: silinda moja, valvu mbili, inayopozwa kwa upepo, ya aina ya CG, pistoni milimita 62, mwendo wa pistoni milimita 49.5. Ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 149.4. Mwenye injini nyengine atabadilisha namba; kanuni ni ile ile.

Kwanza tuelewane kwa neno. Mafundi wetu wakisema injini "imenoki" huwa wanakusudia konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, imekwisha, injini inafunguliwa. Hapa nazungumzia kugonga kwa moto, jambo ambalo mara nyingi ndilo linaloifikisha injini kwenye huko kunoki. Plagi ikitoa cheche, moto unaanzia kwenye plagi na kutembea kuelekea kuta za silinda. Mchanganyiko ambao bado haujafikiwa unabanwa na ule uliokwisha kuwaka, unapata joto juu ya joto. Ukishindwa kuvumilia unajiwasha wenyewe, wote kwa mkupuo, na wimbi la mgandamizo linapiga hedi na pistoni. Sauti yake ni kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo la maziwa.

Uharibifu hauletwi na pigo peke yake. Juu ya uso wa pistoni huwa kuna utando mwembamba wa hewa iliyotulia, ambao ndio unaoikinga alumini na moto. Wimbi likipita linaupeperusha, na joto linaingia moja kwa moja. Ndiyo maana pistoni iliyogongewa ina ukingo uliochimbikachimbika, khasa upande wa mbali na plagi, kama ukuta wa pwani ulioliwa na chumvi. Kisha zinavunjika kingo baina ya ringi. Na pale palipopata moto kupita kiasi panageuka kaa, mchanganyiko unawaka kabla ya cheche, na hapo pistoni inatoboka katikati.

Hilo la mwisho ni ugonjwa mwengine: kuwaka kabla ya wakati. Huletwa na plagi ya moto mno, yaani isiyoondoa joto upesi, masizi yanayowaka mekundu, au uzi wa plagi uliochomoza ndani ya chumba cha moto. Oktani ya juu haitibu. Methanoli, kwa mfano, inastahimili kugonga vizuri sana, lakini kwa kuwashwa na kitu cha moto ni dhaifu kuliko petroli. Pistoni iliyotoboka katikati isikupeleke kutafuta mafuta makali zaidi. Angalia plagi na umaskini wa mchanganyiko, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi.

Namba mbili, na moja ndiyo yetu

Oktani inapima uvumilivu wa mafuta dhidi ya kujiwasha. Haipimi nguvu iliyomo, wala haimaanishi kwamba mafuta yanawaka polepole. Isooktani imepewa 100, heptani imepewa 0, na mafuta yanayopimwa yanalinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili kwenye injini maalumu ya silinda moja ambayo kompresheni yake hubadilishwa ikiwa inazunguka. Injini yako ikiwa haigongi kwa oktani 93, kutia 100 hakuongezi hata chembe ya nguvu.

Vipimo viko viwili. RON hupimwa kwa mizunguko 600 kwa dakika, hewa ikiingia na joto la digrii 52. MON hupimwa kwa mizunguko 900, na mchanganyiko unapashwa moto hadi digrii 149 kabla haujaingia. Petroli ile ile inapata namba mbili mbali mbali: ile ya kawaida ya Ulaya ina RON 95 na MON 85. Marekani wanaandika wastani wa hizo mbili kwenye pampu, ndiyo maana 91 yao ni sawa na 95 au 96 ya RON. Mtu anasoma kwenye mtandao kwamba injini fulani inakwenda kwa 91, anadhani ni mafuta duni kuliko yetu. Siyo.

Injini ya mbio inayopozwa kwa upepo inafanana zaidi na kile kipimo cha pili. Hedi inachemka, njia ya kuingizia hewa imeshika moto, mchanganyiko unafika ndani umeshapashwa. Kwa hiyo namba ya kuitafuta ni MON. Mchuuzi akikwambia dumu lake lina "oktani 108", muulize ni ya kipimo gani. Ethanoli ina RON ya karibu 108 na MON ya karibu 90. Tofauti hiyo kwenye injini ya moto unaiona kwa macho, kwenye pistoni.

Kwa kupanga injini, ichukulie petroli ya pampu kama RON 93 na MON 83. Ikija bora kuliko hivyo umepata faida. Ukipanga kwa 95 kisha ikaja pungufu, hasara ni yako.

Upepo si maji

Injini ya maji hedi yake inakaa karibu na joto la maji, ikiwa umekwenda mzunguko mmoja au ishirini. Ya upepo haina kituo kama hicho. Joto linapanda kadiri unavyoibana, na linashuka tu upepo ukipita kwenye mapezi. Ndiyo maana injini inayokwenda vizuri kwa mvuto mmoja wa sekunde nane inaweza kugonga mzunguko wa tatu, kwa mafuta yale yale na taimingi (wakati wa kutoa cheche) ile ile. Anayejaribu injini yake kwa kupita mara moja kwenye barabara iliyonyooka hajajaribu kitu.

Weka kipima joto. Kile chenye pete inayokaa chini ya plagi kinatosha, na plagi za CG za aina ya D8EA zina uzi wa milimita 12, basi nunua pete ya 12, ya 14 itacheza. Toa washa ya plagi, tia pete mahali pake. Ukisoma hapo, digrii 180 hadi 200 ni pazuri. Kwa 220 ulegeze mkono. Kwa 240 usitafute sababu ukiwa njiani, simama. Injini za ndege za Lycoming zinaruhusiwa hadi 260 na za Continental hadi 238, lakini hizo zinakwenda mizunguko isiyofika 3,000 na mgandamizo mdogo. Usizichukue kuwa leseni.

Hewa ya kwetu nayo ina lake. Tuko usawa wa bahari, silinda inajaa vizuri, na silinda iliyojaa ndiyo inayogonga. Injini iliyosetiwa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15, inaweza kwenda huko na kompresheni ya 12 bila kelele. Ishushe Fumba utasikia misumari. Aliyeinunua ataambiwa mafuta ya Unguja mabaya, na mafuta hayana kosa. Unyevu, kwa upande mwengine, unatusaidia kidogo: mvuke wa maji ndani ya hewa unapunguza kugonga, na pia unapunguza nguvu. Wakati wa kaskazi, jua la Januari na Februari, ndio wakati wa kupima. Injini iliyopita mtihani kipupwe bado haijapita.

Pima kompresheni kwa maji, usiikisie

"Nimeskimu milimita moja, sasa ni 12" si kipimo. Uwiano wa kompresheni ni ujazo wa silinda jumlisha ujazo wa chumba cha moto, ukigawa kwa ujazo wa chumba cha moto. Kwa injini yetu ya 149.4, chumba kikiwa na sentimita za ujazo 18.2 uwiano ni 9.2. Kikiwa 15.7 ni 10.5. Kikiwa 14.9 ni 11. Kikiwa 13.6 ni 12. Kikiwa 12.45 ni 13. Tazama namna namba zilivyokaribiana huko mwisho: baina ya 12 na 13 ni kama kijiko kidogo cha chai kisichojaa robo. Kosa dogo la kupima, na umeshahama kutoka petroli ya pampu kwenda mafuta usiyoweza kuyapata.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Funga injini kamili na gasketi utakazotumia, zilizokandamizwa kwa nguvu yake halisi. Peleka pistoni juu kabisa, valvu zote zimefungwa. Hapo awali paka grisi nyembamba kuzunguka ukingo wa juu wa pistoni ili mafuta yasipenye kwenye ringi. Inamisha injini mpaka tundu la plagi liwe juu. Chukua sindano ya duka la dawa ya mililita 20, ijaze mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, na utie taratibu mpaka yafike mwanzo wa uzi wa chini wa plagi. Tikisa, viputo vitoke, ongeza. Kiasi kilichoingia ndicho chumba chako. Rudia mara tatu. Zikipishana zaidi ya nusu mililita, moja ina kiputo au ringi zinavuja.

Kwa pistoni ya 62, kila sehemu ya kumi ya milimita unayoipunguza kwenye gasketi ya chini ya silinda inatoa sentimita za ujazo 0.3. Ukiwa karibu na 12, hiyo ni kama robo ya uwiano. Kuskimu hedi ni hesabu nyengine, kwa sababu chumba si duara kamili. Ndiyo maana unapima tena na tena.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, tia waya wa solda wa milimita 1.5 juu ya ukingo wa pistoni, pande mbili sambamba na pini ya pistoni, zungusha krenki kwa mkono, kisha pima waya uliobanwa. Uwazi baina ya ukingo wa pistoni na sehemu bapa ya hedi uwe 0.8 hadi 1.0. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa woga: wanaacha 1.8 ili "isigonge", na wanapata kinyume chake. Uwazi mwembamba unausukuma mchanganyiko wa pembeni kuelekea katikati kwenye moto na kuuvuruga, na ule uliobaki pembeni unapoa kwa kuwa umebanwa baina ya vyuma viwili. Uwazi mpana unaacha mkate wa mchanganyiko ukae pembeni ukisubiri kujilipua. Injini ya 11 yenye uwazi wa 0.9 inavumilia petroli mbovu kuliko ya 10.3 yenye 1.8. Chini ya 0.7 usiende, konrodi inanyooka mizunguko ikipanda.

Kamshafti inaingia kwenye hesabu hii

Kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu, na pistoni haianzi kubana mpaka valvu ya kuingiza ifunge. Chukua chumba cha 13.6, uwiano wa 12 wa karatasini. Kamshafti inayofunga digrii 40 baada ya pistoni kuanza kupanda inaacha kama milimita 45 za kubana, na uwiano wa kweli unakuwa 11. Kamshafti ya mbio inayofunga kwa digrii 70 inaacha milimita 36 hivi, na uwiano wa kweli unashuka hadi 9. Kwa hivyo 12 ya mtu mmoja si 12 ya mwengine, na kuigiza namba ya jirani bila kuigiza kamshafti yake ni kununua ugomvi.

Lakini usijidanganye na hiyo 9. Kamshafti ndefu ikifika kwenye mizunguko yake, hewa inayokuja kwa kasi inaendelea kujaza silinda hata pistoni ikiwa inapanda, na faida ile inarudi kuwa mzigo. Kugonga kunakuja pale injini inapovuta kwa nguvu zaidi, si pale inapolia kwa sauti kubwa zaidi. Jaribu hapo.

Hukumu yangu kwa injini ya valvu mbili kama hii, uwazi ukiwa sawa na kipima joto kikiwepo: petroli ya pampu na kamshafti ya wastani, ishia 10.5. Petroli ya pampu na kamshafti ndefu, 11. Kutoka 11.5 unahitaji MON ya 88 au 90, yaani kuchanganya. Kutoka 12.5 hadi 13 unahitaji MON ya karibu 100, mafuta halisi ya mbio au ya ndege. Kupita hapo ni methanoli, na mimi simshauri mtu wa visiwani aende huko. Kutoka 10.5 hadi 12 unapata nguvu kidogo tu kwa bei ya usumbufu mkubwa. Kamshafti, njia ya kutolea moshi na kabureta iliyosetiwa vizuri vinakupa zaidi.

Kinachopatikana, na kisichofaa

Petroli ya pampu kwanza, kwa sababu ndiyo msingi wa kila mchanganyiko. Nunua kituo kile kile chenye wateja wengi, tangi lake halikai na mafuta ya zamani. Petroli ya chupa ya kando ya njia, khasa ile ya chupa angavu, imeshapoteza sehemu yake nyepesi na imepigwa jua; iache iendeshe skuta ya kwenda sokoni.

Kuijua iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hakuhitaji maabara. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli inakauka bila alama, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Ukiwa na haidromita, petroli safi inasoma baina ya 0.720 na 0.775, mafuta ya taa yako juu ya hapo, na mchanganyiko unapandishwa nayo. Mafuta ya taa yanaiua oktani haraka sana. Kwa injini ya 11, hata kiasi kidogo kinatosha kuanzisha misumari.

Kupima kama kuna ethanoli, chukua silinda ya kupimia ya mililita 100, tia maji 10 na petroli 90, tikisa, iache itulie. Mstari wa maji ukibaki kwenye 10, hakuna. Ukipanda hadi 15, kuna kama mililita tano zilizohamia kwenye maji. Ethanoli si adui, inapoza mchanganyiko vizuri, lakini inahitaji mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile na inakunywa unyevu. Kwa hewa yetu, dumu la petroli yenye asilimia kumi ya ethanoli likiachwa wazi linaweza kugawanyika: maji na ethanoli chini, petroli iliyopungua oktani juu. Kabureta inakunywa chini kwanza.

Sasa ndege. Kuna wanaodhani mafuta ya vindege vinavyokwenda Pemba ni dawa. Zile Caravan zina injini ya tabini, zinatumia Jet A-1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Ukiitia kwenye injini ya 12 utapata chuma chakavu. Mafuta ya ndege yanayotufaa ni avgas 100LL, ya ndege za pistoni: rangi ya buluu, MON isiyopungua 99.6, na madini ya risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Ukiipata kwa njia halali, nusu kwa nusu na petroli ya pampu inakupa MON ya karibu 91 au zaidi kidogo, na inatosha kwa 12. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko petroli, mchanganyiko unakuwa maskini. Pandisha jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, hatua moja, kwa mfano kutoka 105 hadi 108. Risasi ni sumu, haioshwi mikono kwayo, na kanuni nyingi za mashindano zimeikataza. Afrika kusini mwa Sahara iliiondoa kwenye petroli ya barabarani kuanzia mwaka 2006, na haikuwa kwa mchezo.

Toluini, kiyeyusho cha viwandani, ndiyo njia ninayoipendelea. RON yake ni karibu 120, MON karibu 107. Lita nane za petroli ya 93/83 na lita mbili za toluini zinatoa kama 98/88. Saba kwa tatu zinatoa kama 101/90. Usipite hapo: toluini inachemka kwa digrii 110, hivyo mchanganyiko wenye nyingi unawaka kwa shida asubuhi na unalowesha plagi. Iwe toluini safi ya viwandani yenye karatasi yake. Sinna ya rangi siyo toluini, hata mwenye duka akiapa. Ndani yake kuna asetoni na vyengine, na kila kopo lina chake. Changanya nje, upepo ukikupiga mgongoni, glovu mkononi.

Vichupa vya kuongeza oktani: soma vizuri. "Pointi 30" maana yake ni oktani 3, kwa sababu pointi moja ni sehemu ya kumi. Na mara nyingi hata hizo 3 ni kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha tangi zima. Vyenye manganisi vinaacha unga wa rangi ya matofali kwenye kaure ya plagi, ukizidi unapitisha umeme na plagi inakosa cheche. Tena unakunyima kuisoma plagi.

Methanoli nimeshaitaja. Inakula alumini, moto wake mchana hauonekani, ukiinywa kwa bahati mbaya unapofuka, na jeti zinahitaji kupitisha zaidi ya mara mbili. Hayo yote kwa kisiwa ambacho ukiishiwa njiani hupati nyengine. Na dumu lolote la mafuta, liwe la nini, halipandi boti la abiria. Usijaribu kulificha ndani ya mizigo.

Kwa wenye Vespa: oili unayochanganya nayo inashusha oktani, na inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti. Mililita 20 hadi 30 kwa lita zinatosha kwa oili nzuri ya leo. Anayetia 60 "ili ipoe" anajiletea kugonga kwa mikono yake. Na ukisoma uwiano wa injini ya viharusi viwili, angalia umehesabiwa kutoka chini kabisa au kutoka tundu la moshi linapofunga. 12 ya namna moja ni 7 hivi ya namna nyengine.

Namna ya kuijaribu

Anza na upande salama. Taimingi digrii 28 kabla ya juu kabisa kwenye mizunguko ya juu, iliyohakikishwa kwa taa ya taimingi na alama uliyoipiga mwenyewe, maana alama za sumaku za bei nafuu hupishana na ukweli. Plagi ya baridi hatua moja: kama ilikuwa D8EA, tia D9EA, kwa NGK namba kubwa ni baridi zaidi. Jeti iwe kubwa mpaka injini inakokota kidogo juu, kisha ipunguze hatua moja moja. Mchanganyiko wa 12.5 hadi 13 kwa 1 ndio wa nguvu, na kwa injini ya upepo kaa karibu na 12.5, ule utajiri kidogo unapoza.

Kusikia kugonga juu ya bomba la mbio ni kazi. Nenda kwa fundi wa friji, chukua mrija wa shaba wa milimita 6, ponda ncha moja, itoboe, uifunge kwenye boliti karibu na hedi. Ncha nyengine ivishe mpira wa petroli wa mita mbili unaoingia kwenye kizuia sauti cha masikioni. Injini ikiwa kwenye rola, ile mashine ya kuijaribia pikipiki ikiwa imesimama, anayesikiliza atasikia mlio mkavu wa "tik-tik" juu ya sauti nyengine zote.

Barabarani, barabara ikiwa imefungwa kwa ruhusa, tafuta mlima. Njia ya Mkoani kuelekea Chake ina vilima vya kutosha, Unguja utahangaika. Gia ya juu, mkono wote, injini ikivuta kutoka kwenye nguvu zake. Fanya hivyo injini ikiwa imeshafika digrii 200, kisha zima kwa ghafla, klachi ndani, usiiache ikae kwenye mizunguko ya chini. Toa plagi uitazame kwa kioo cha kukuza na tochi. Vidoadoa vyeusi kama pilipili manga kwenye kaure ni dalili ya mwanzo. Vidoadoa vinavyong'aa kama fedha ni alumini ya pistoni, na hapo umeshachelewa kwa mzunguko mmoja. Tazama pia ule mguu wa plagi uliopinda: rangi ya joto inaacha mpaka. Mpaka ukiwa katikati ya pindo, taimingi iko sawa. Ukishuka mpaka kwenye uzi, taimingi iko mbele mno.

Ukiona pilipili, rudisha taimingi digrii mbili kwanza, kwa sababu haina gharama. Kila digrii inakusaidia kwa kama oktani moja. Ukifika 24 na bado ipo, acha. Kurudisha zaidi kunahamishia moto kwenye valvu ya moshi na hedi inazidi kuchemka. Kisha panda jeti hatua moja. Kisha ongeza toluini kutoka asilimia 20 hadi 30. Bado? Tia gasketi ya chini nene zaidi kwa milimita 0.3, lakini pima uwazi upya. Ukipita 1.2, badala ya gasketi chonga chumba cha hedi kiwe kikubwa, uwazi ubaki pale pale. Fanya jambo moja kwa safari moja, na plagi mpya kila safari.

Dumu la mchanganyiko liwe la chuma, limejaa hadi karibu na mdomo, kivulini, kifuniko kimekazwa. Liandike kwa rangi: tarehe, kituo ulichonunua, na kiasi cha kila kitu. Likipita miezi miwili limwage kwenye pikipiki ya kawaida, uchanganye jengine.